Nafasi ya Jumatatu na Alhamisi

Mahfudha aliitwa ofisini Jumatatu saa moja unusu asubuhi, mdomo umejaa mahamri. Aliyepiga simu ni Shoeb mwenyewe, na Shoeb si mtu wa kupiga simu; mambo yake yote huyamaliza kwa ujumbe.

“Njoo sasa hivi,” alisema. “Na nyumbani usiseme kitu.”

Akamwachia mumewe, Awadh, kazi ya kumpeleka mamake kituo cha figo, akavaa buibui, akatoka. Kutoka mtaa wa Barani hadi ofisini ni mwendo wa robo saa. Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Taherali, babake Shoeb. Kila asubuhi mzee huyo humzuia mlangoni kumwuliza habari za nyumbani na hali ya mavyaa yake. Siku ile aliitikia “marahaba” huku ameinamia boksi la bawaba, wala hakuinua uso.

Juu alimkuta Eugene, fundi mwenzake, amevaa visikilizio masikioni na macho yamegandana na skrini. Shoeb alimwita Mahfudha chumba cha ndani, akafunga mlango, akamgeuzia kompyuta.

“Soma.”

Alisoma. Ijumaa ya wiki tatu nyuma, saa kumi na mbili na dakika tano alfajiri, jina moja lilitolewa katika nafasi ya Jumatatu na Alhamisi kwenye kituo cha figo, na jina jingine likawekwa mahali pake. Aliyefanya badiliko: akaunti kuu. Jina lililotolewa lilikuwa la mtu aitwaye Adhiambo. Jina lililowekwa lilikuwa la Bi Afiya, mamake Awadh.

“Akaunti kuu tunayo watu wangapi?” Shoeb aliuliza.

“Wawili. Wewe na mimi.”

“Mimi siku ile nilikuwa ndani ya ndege. Tiketi ninayo.”

Mahfudha alisoma tena, kana kwamba maneno yangebadilika. “Sikufanya mimi, Bwana Shoeb. Wallahi sikufanya. Tulipopata ule ujumbe kwamba mama amepata nafasi, tulisali rakaa mbili za shukrani. Ningesalije kwa kitu nilichokiiba?”

“Sitaki kujua mlisali au hamkusali. Kituo kinataka jina la mtu. Nimewaambia watalipata Jumatano jioni.”

Kampuni yao ni ndogo. Inakodi kompyuta moja kubwa iliyo mbali sana, huko wanakokuita winguni, na ndani yake inawawekea wateja mifumo yao: maduka mawili ya dawa, shule moja, na kituo cha figo. Kituo kina mashine sita za kusafisha damu, na wanaozihitaji ni wengi kuliko viti. Hiyo ndiyo sababu mfumo uliletwa. Zamani orodha ilikaa kwenye daftari la wauguzi, na watu walinong'ona kwamba mwenye mjomba ndiye apataye kiti. “Mfumo hauna mjomba,” Shoeb aliwaambia wagonjwa siku ya uzinduzi, nao wakampigia makofi.

“Nitakuondolea nguvu za kubadilisha chochote,” Shoeb alisema sasa. “Utasoma tu.”

“Nipe hata kusoma tu. Inatosha.”

Alipokuwa anatoka, Shoeb alimwomba ufunguo wa ofisi. Mahfudha aliutoa kwenye pete ya funguo zake, na kwa kuwa pete ilikuwa ngumu, ilimchukua muda mrefu. Shoeb alisimama amekinga mkono, na Eugene nje alikuwa anaona yote kupitia kioo.

Alikwenda moja kwa moja kituo cha figo. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya mwanamume.

“Sista, nakuuliza kwa heshima. Kiti cha mke wangu umemuuzia nani?”

Aliyesema alikuwa mtu mrefu, suruali yake ina madoa ya saruji. Alisimama mbele ya meza ya Easter, muuguzi mkuu wa zamu, na benchi zima la wagonjwa lilikuwa limenyamaza kuwasikiliza.

“Joram, nimekwambia. Mimi sina uwezo wa kumtoa mtu wala kumtia. Mfumo ndio ulioandika.”

“Mfumo! Mfumo una mkono? Adhiambo amekaa kiti kile miaka miwili. Anapata ujumbe, nafasi yako imesitishwa, utajulishwa. Basi! Tumezunguka kama mbwa. Kilifi wanamsafisha mara moja kwa wiki, wakipata mwanya. Sasa maji yamejaa kifuani, amelazwa. Akilala chali anazama. Unajua mtu kuzama kitandani kukoje?”

Easter aliinamisha macho mezani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa kanisa. Mama mmoja benchini alisema kwa sauti ya chini iliyotosha kusikika, “Wauguzi hawa wana mambo.” Easter alisikia. Akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena.

Nyuma ya kioo, Bi Afiya alikuwa kwenye kiti cha tatu, mkono umenyooshwa, damu inatoka na kurudi kwenye mipira. Alimwona mkaza mwanawe akamwinulia mkono ule mwingine, mchangamfu. Wiki tatu hizi uvimbe wa miguu ulikuwa umeshuka. Alikuwa ameanza tena kufunua sufuria na kuuliza nani katia chumvi yote hii.

Joram alipoondoka, Easter alimsogelea Mahfudha. “Dada, mfumo ni wenu. Nisaidie. Mimi nimekosa nini? Jana kanisani mtu kanihama benchi.”

“Hujakosa kitu,” Mahfudha alisema. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha tatu.

Mchana Awadh alimrudisha mama, akamlaza, akakaa barazani kufungua feni ambayo haikuwa imeharibika. Kazi yake ni kutengeneza mafriji na mashine za baridi za hoteli. Akiwa na wasiwasi, lazima kitu kifunguliwe.

Mahfudha alimweleza yote, kwa sauti ya chini ili Bi Afiya asisikie. Awadh aliendelea kukaza na kulegeza skrubu ileile.

“Wanaweza kukufukuza?”

“Wanaweza kunishtaki. Hilo si la kwanza lakini. Kuna mwanamke Kilifi anazama, Awadh, na mama yuko kwenye kiti chake.”

“Wakimtoa mama, atarudi kusafishwa Mombasa mara mbili kwa wiki.”

“Najua.”

“Hujui. Wewe ulikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka.” Aliitupa bisibisi kwenye kopo. “Siku moja alitapika tumefika Mtwapa. Akavua mtandio wake akaanza kunifuta mimi shati. Hawezi kushika kikombe, ananifuta mimi! Akaniomba radhi mbele ya watu. Mamangu mzazi.”

“Nisikilize. Mimi sijasema atolewe. Nasema kuna mtu aliyeingia, na lazima nimjue.”

“Mwachie Shoeb. Kompyuta ni yake.”

Alinyanyuka akaenda kunawa mikono. Mahfudha alibaki akiiangalia feni iliyotawanyika. Jambo moja lilimkaa vibaya kifuani na hakulipata mpaka usingizi ulipomkataa: katika maneno yote yale, mumewe hakuuliza hata mara moja ni nani aliyeweza kufanya.

Jumanne alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini, Shoeb upande wa pili wa meza, akasoma kumbukumbu za mashine tangu saa mbili. Alijua aanzie wapi. Miezi saba kabla alikuwa ameandika barua kuhusu mahali hapohapo.

Ndani ya kompyuta ile kuna folda moja ya vitu vya muda, ambavyo hufutika kompyuta ikizimwa. Kila mteja na kila fundi ana ruhusa ya kuweka kitu humo, cha duka la dawa, cha shule, cha kituo. Kila alfajiri, akaunti kuu huingia humo ikaandika faili ya maagizo ya foleni ya siku: nani aingie, nani atoke, nani atumiwe ujumbe. Ikishaandika, husubiri dakika moja, kisha hurudi na kuyatekeleza. Jina la faili ni lilelile kila siku. Basi mwenye akaunti ndogo kabisa, akitangulia kuunda faili yenye jina lile, faili huwa mali yake. Akaunti kuu ikija huandika ndani ya faili ya mwenzake bila kuuliza. Katika dakika ile ya kungoja, mwenye faili huongeza mstari wake, na mkubwa akirudi hutekeleza yote, ya kwake na ya mgeni, kwa nguvu za mkubwa.

Shoeb alipoisoma ile barua alicheka. “Malindi hii nani anajua hayo? Tukimtengea kila mteja mashine yake, gharama ni mara nne.” Na Mahfudha alirudi nyumbani na hasira zake, akazimwaga kwenye meza ya chakula, huku Awadh akiuliza maswali mazuri, kama anavyouliza juu ya gesi na kompresa.

Saa tano unusu aliipata. Faili bado ilikuwemo, kwani kompyuta haikuwa imezimwa miezi minne. Iliundwa Alhamisi ile, siku moja kabla ya badiliko. Maandishi ndani yake ni ya akaunti kuu, lakini mwenyewe si akaunti kuu. Mwenyewe ni akaunti ya maduka ya dawa, anayoishughulikia Eugene.

Aliinua uso akatazama nje ya kioo. Kiti cha Eugene kilikuwa kitupu, ameenda kula.

Alimkuta kwenye kibanda cha nyuma ya soko, sahani ya wali na maharagwe mbele yake haijaguswa.

“Dada Mahfudha, kaa.”

“Sikai. Faili imebaki na jina lako, Eugene.”

Eugene hakukana. Alishika kijiko, akakigeuza. “Nilidhani imefutika.”

“Haikufutika. Kwa nini? Mama mkwe wangu ni nani kwako?”

“Niache tu. Semeni ni mimi, basi.”

“Mtu mzima hafanyi kitu kama hiki bure. Nani alikutuma?”

Eugene alitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. “Muulize Awadh.”

Mahfudha aliona sahani, aliona nzi juu ya ukingo wa sahani, hakuona kingine.

“Alikuja kwangu, dada. Alinieleza jinsi ya kufanya. Mimi nilikuwa sijui hata kama lango lipo. Yeye ndiye aliyejua. Akalia. Mwanamume mzima analia mbele yangu. Akaniambia kuna mtu ambaye hata akikosa wiki moja si neno, ana uwezo wa kwenda kwingine. Nami nikachagua jina nikiwa sijui ni la nani. Alinipa ile pikipiki yake ya zamani, lakini nakuapia, hata bila pikipiki ningefanya. Nina mama mimi pia.”

“Ulichagua jina nikiwa sijui ni la nani,” Mahfudha alirudia, akachanganya maneno yake na ya Eugene. Kisha akaondoka.

Karakana ya Awadh ni chumba kimoja kando ya barabara ya Muyeye, mafriji matupu yamepangwa nje kama watu wanaongoja. Alikuwa ndani, amechuchumaa. Alipoona uso wa mkewe alizima tochi.

“Pikipiki uliniambia umeiuza Mnarani,” Mahfudha alisema.

Awadh aliiweka tochi chini.

“Niambie sikusikia vizuri. Niambie Eugene mwongo.”

“Si mwongo.”

“Kwa maneno yangu! Nilikuletea wasiwasi wangu nyumbani, ukaugeuza ufunguo. Na ukanitazama nasali rakaa mbili. Ulikaa kando yangu ukaitikia amin.”

“Ningefanyaje?” Awadh alisimama. “Ungekuwa wewe, mamako yule, nguvu unayo mkononi, ungekaa? Wewe ulikuwa na akaunti kuu. Kwa kidole kimoja. Miezi mitano nilikuwa nakutazama usiku unavyolala, najiuliza, huyu analalaje?”

Hilo lilimpiga mahali ambapo hakutegemea. Alikuwa amewahi kuwaza. Mara moja, mwezi wa tatu wa kungoja, vidole vilikuwa juu ya herufi na jina la Bi Afiya mbele yake. Alikuwa amefunga kompyuta na kwenda kutawadha. Hakumwambia mtu.

“Nilikuwa silali,” alisema.

Lori lilipita barabarani likawatia vumbi. Walingoja lipite.

“Mama atajua leo,” Mahfudha alisema. “Utamwambia wewe. Si mimi.”

Awadh alimwambia baada ya sala ya alasiri. Bi Afiya alikuwa ameketi kitandani anachambua mchicha kwenye ungo, na aliendelea kuchambua mpaka mwanawe alipomaliza.

“Huyo mwanamke anaitwa nani?”

“Adhiambo.”

“Ana watoto?”

“Sijui, mama.”

“Hujui.” Aliusogeza ungo pembeni. “Siku ile ya kwanza niliporudi nikakuombea. Nilisema, Mola, mwanangu amehangaika, mpe. Unanisikia, Awadh? Nimekuombea kwa maji ya kifua cha mtu.”

Awadh alipiga magoti akataka kumshika miguu. Bi Afiya aliivuta. Hakumkemea, wala hakulia. Alimwomba amletee maji, na alipoletewa alikumbuka kwamba kipimo chake cha maji cha siku ile kimekwisha, akamrudishia bilauri.

Jumatano Shoeb alisikiliza kila kitu bila kumkatiza. Mahfudha hakuficha jina la mumewe. Alipofika hapo alirudia sentensi mara mbili. Shoeb aliitazama faili, jina la mwenyewe, saa yake, na uso wake ukawa wa mtu anayesoma barua ya zamani.

“Barua yako ninayo,” alisema mwishowe. “Sikuifuta.”

“Najua.”

“Basi tusikilizane. Eugene anaondoka leo, kimya kimya. Wewe unarudi, na lango hili unalifunga leo hii. Adhiambo anarudishiwa nafasi. Kituo tutawaambia ilikuwa hitilafu ya winguni, mambo hutokea. Mumeo hatatajwa. Easter atasafika. Kila mtu anapona.”

Alisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa fupi: kwamba hatazungumza na yeyote nje ya kampuni kuhusu jambo lile. Mahfudha alifikiria karakana, alifikiria Awadh kituo cha polisi, alifikiria kodi ya nyumba na dawa za Bi Afiya zinazolipwa na mshahara wake huu. Alishika kalamu.

“Nipe hadi Jumatatu,” alisema. “Lango nitalifunga sasa hivi.”

Alikaa mpaka magharibi. Alibadilisha mfumo usiandike tena maagizo kwenye folda ya wote. Akaunti kuu ikapata mahali pake peke yake, na jina la faili likawa jipya kila alfajiri. Kazi ile ilichukua saa mbili na dakika kumi. Miezi saba, kwa kazi ya saa mbili na dakika kumi. Kisha akamrudisha Adhiambo mahali pake, Shoeb akiwa amesimama nyuma yake, na jina la Bi Afiya likashuka.

Alhamisi Bi Afiya alivaa kama kawaida, akafika kituoni kama kawaida, lakini hakwenda kwenye kiti. Alisimama mbele ya meza ya Easter, Awadh na Mahfudha nyuma yake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi.

“Mwanangu Easter, kiti cha tatu si changu. Nilikikalia bila kujua. Wewe hukukiuza. Aliyekichukua ni wa kwangu, kwa hiyo niliyekichukua ni mimi.”

Mama yule aliyesema wauguzi wana mambo alianza kutafuta kitu mkobani.

Easter alimkalisha Bi Afiya kwanza, akamtazama vifundo vya miguu, akavibonyeza. Shimo la kidole lilibaki.

“Bibi, Adhiambo bado yuko wodini Kilifi. Leo kile kiti kitabaki kitupu. Kaa usafishwe leo.”

“Si changu.”

“Kitabaki kitupu, Bibi. Mashine haijui.”

“Mama, tafadhali,” Awadh alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Leo tu. Kesho alfajiri nakupeleka Mombasa nikikubeba mgongoni, lakini leo kaa.”

Bi Afiya alifikiri. “Niandike nimeazima.”

“Mfumo hauna mahali pa kuandika hilo,” Easter alisema.

“Basi andika kwa kalamu.”

Easter alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari lililokuwa halijaguswa tangu mfumo uje, akaandika. Bi Afiya alimtaka amsomee. Ndipo akakaa.

Jumamosi Mahfudha na Awadh walikwenda Kilifi. Joram alikuwa mlangoni mwa wodi. Awadh alimpa mkono, Joram hakuupokea, na mkono ukabaki hewani mpaka ukachoka.

“Ni mimi,” Awadh alisema. “Sista Easter hana kosa. Ukitaka kunipeleka polisi, twende. Sitakimbia.”

Joram alimtazama sana. “Nitakupeleka,” alisema. “Lakini kwanza yeye apone. Sina wakati wako sasa.” Akakaa tena kwenye kiti chake, akageuka ukutani.

Adhiambo alikuwa ameketi kitandani ameegemezwa mito mitatu. Alikuwa kijana kuliko Mahfudha alivyodhani, fundi wa kushona sare za shule, na alizungumza kwa vipande, akipumua katikati.

“Mamake mumeo simlaumu,” alisema, Mahfudha alipomaliza. “Hata mumeo. Ningekuwa na mtu humo ndani, labda... ningemwomba.”

“Usiseme hivyo, dada.”

“Nasema. Lakini wewe.” Alipumua. “Hilo lango ulilijua lini?”

“Miezi saba.”

“Ukamwambia nani?”

“Bosi wangu.”

“Na nani?”

“Mume wangu.”

Adhiambo alifumba macho, akayafumbua. “Bosi na mume. Na mimi niliye ndani ya orodha? Na yule mzee tunayekaa naye viti jirani? Tulikuwa tunapishana kila Jumatatu. Ulikuwa unakuja kukagua kompyuta... unatusalimia. Habari zenu. Mzuri tu wewe.” Akakohoa, na muuguzi akaja kumwinua.

Njiani kurudi Awadh alijaribu kusema jambo mara mbili, na mara mbili Mahfudha aliweka mkono juu, asubiri. Si kwamba alikuwa amemsamehe, wala si kwamba alikuwa hajamsamehe. Alikuwa anahesabu watu. Kituoni ni wangapi wako kwenye viti, wangapi wako kwenye orodha ya kungoja, wangapi kati yao walipiga makofi walipoambiwa mfumo hauna mjomba.

Jumatatu Awadh na mamake walikuwa wameondoka na basi la saa kumi na moja alfajiri kwenda Mombasa. Mahfudha alipita dukani, akapanda ghorofani, akaiweka ile karatasi juu ya meza ya Shoeb bila sahihi. Shoeb alimwita kwa jina. Hakugeuka. Mzee Taherali, chini, alimtazama anavyoshuka, bawaba mkononi.

Kituoni benchi lilikuwa limejaa. Aliongea kidogo na Easter, kwa kunong'ona, na Easter alisikiliza, akaangalia mlango wa msimamizi, kisha akamsogezea kiti. Mahfudha hakukaa.

“Assalaamu alaykum. Habari za asubuhi. Mimi naitwa Mahfudha. Ni mmoja wa waliotengeneza mfumo unaopanga foleni yenu.” Alitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. “Nimekuja kuwaambia kitu ambacho nilipaswa kuwaambia miezi saba iliyopita.”

Aliwaeleza. Hakutumia maneno ya ofisini. Aliwaambia kulikuwa na mahali pa wote ambapo mkubwa alikuwa akiacha maagizo yake, na kwamba mdogo yeyote angeweza kuongeza lake. Aliwaambia ni nani aliyeongeza, kwa ajili ya nani, na mke wa nani ndiye yeye. Watu waliguna. Mwanamke mmoja alisimama akatoka nje akiwa amejishika kiuno. Simu ya Mahfudha iliita mkobani, ikakatika, ikaita tena.

“Limefungwa hilo?” aliuliza Mzee Ngala, yule wa kiti cha pili, mkulima kutoka bara ya Malindi.

“Hilo limefungwa.”

“Na mengine yako?”

“Sijui, mzee. Nikisema hakuna nitakuwa nawadanganya. Nimemwandikia Bwana Shoeb kila mteja atengewe kompyuta yake. Hajajibu.”

Mzee Ngala aliinamia fimbo yake. “Mwanangu, haya ya mashine mimi siyawezi. Niambie hili tu: jina langu lipo?”

“Lipo.”

“Umeliona wewe. Mimi sijaliona.”

Wengine wakaitikia, kila mtu la kwake: nami je, na wangu je, niliambiwa wa nane, mbona mwezi mzima ni wa nane. Mahfudha alimtazama Easter. Orodha ile ni siri ya wagonjwa.

“Nikiisoma kwa sauti,” aliwauliza, “kuna asiyetaka jina lake lisomwe?”

Hakuna aliyeinua mkono. “Soma,” alisema Mzee Ngala.

Easter alimgeuzia skrini. Simu iliita tena mkobani na Mahfudha akaizima. Akaanza na wa viti, siku na saa, jina baada ya jina, na kila aliyetajwa aliitikia “nipo” kama darasani. Alipofika kwa Adhiambo, Jumatatu na Alhamisi, palikuwa kimya, na Easter akaitikia kwa niaba yake. Kisha wakaja wa kungoja. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu aliangua kilio cha furaha kwa kuwa alidhani ni wa sita. Koo lilimkauka Mahfudha, mtu akampa maji, akanywa funda moja akaendelea, kidole kikishuka kwenye kioo mstari kwa mstari.

“Wa kumi na tisa,” alisoma, “Bi Afiya wa Barani.” Akangoja kidogo, kama alivyowangojea wengine. “Hayupo. Yuko Mombasa. Wa ishirini.”